Boksi la Kubaki

Ukiingia jikoni mwa mgahawa ule kwa mlango wa nyuma, kabla hujafika kwenye majiko, unakutana kwanza na chumba cha Mama Barafu. Ni chumba chembamba chenye meza moja ndefu ya bati, friza tatu zinazonguruma kwa kupokezana, na maboksi meupe mepesi yaliyopangwa hadi karibu na dari. Hapo ndipo mchuzi wa mgahawa ule ulipoanzia safari ya kwenda majimbo mengine. Wateja wa mbele walikula, wakapangusa midomo, wakaenda zao. Waliohamia mbali, waliowahi kuonja wakashindwa kusahau, waliagiza wakaletewa hadi mlangoni, na aliyewafungia alikuwa mama mmoja mfupi, mwenye sweta mbili mwilini hata siku za jua kali, asiye na dogo.

Jina la Mama Barafu alibandikwa na mpishi mkuu. Naye mpishi akalipwa jina la Chumvi, kwa sababu kila sufuria aliyoionja, hata iwe imekolea vipi, alisema imepungua chumvi kidogo. Wawili hao walitupiana maneno kutwa nzima, na siku mmoja akiumwa mwingine alizunguka jikoni kama aliyepoteza funguo.

Kazi ya Mama Barafu haikutaka haraka. Mchuzi wa nyama na viazi ukishaiva, ole wake mtu atakayeutia kwenye kopo ukiwa bado wa moto. Ulimiminwa kwenye trei pana upoe, ukaingia kwenye makopo ya plastiki, ukalala kwenye friza mpaka kopo ukiligonga mezani linalia ko! Ndipo makopo yalipopangwa ndani ya boksi, pakiti za barafu chini, ubavuni na juu, na kila upenyo ukajazwa magazeti yaliyofinyangwa, maana hewa ikipata pa kukaa humo ndani, barafu inayeyuka kabla ya wakati wake. Kisha mfuniko, selotepu kwa marefu na mapana, na mwisho kofi moja juu ya mfuniko. Kofi hilo halikuwa na kazi yoyote. Lakini asipolipiga, roho yake haikutulia.

Sasa, mgahawa ule ulikuwa na utaratibu wake ambao sijausikia kwingine. Kila wiki, maboksi ya safari ya mbali kuliko zote yakishafungwa, lilifungwa na moja la ziada, sawasawa na yale, ambalo haliendi popote. Waliliita boksi la kubaki. Liliwekwa kwenye kona nyuma ya oveni, pale penye joto, likakaa siku zilezile ambazo wenzake wako barabarani. Chumvi alijipa udereva wake. Kila akipita analisukuma kwa mguu na kutangaza, "Hapo tumepanda tuta!" au "Shikeni viti, kona hiyo!" Siku ambayo wateja wa mbali wanapokea ya kwao, boksi la kubaki linafunguliwa, na hapo bosi alikuwa na sheria moja tu: aliyelifunga ndiye anayelila. Bosi alikuwa mtu mpole, lakini kwa hilo hakuwa na mzaha. Alisema mtu akijua kazi ya mikono yake itaishia tumboni mwake, hafungi ovyo.

Wafungaji waliomtangulia Mama Barafu waliifuata sheria hiyo huku wamenuna. Yeye aliisubiri siku hiyo wiki nzima.

Aliisubiri kwa sababu jimbo la mbali kuliko yote ndilo aliko binti yake, kitindamimba wake, aliyekwenda huko kukata vioo katika karakana ya miwani. Alikwenda kwa mkataba wa mwaka mmoja. Mwaka ukazaa mwaka, na huo ukazaa mwingine. Kaka zake wawili walikaa mitaa ya jirani tu, na kila Jumapili walikuja na njaa zao. Mtu anayekufunulia masufuria kila Jumapili hakupi hata nafasi ya kumkumbuka. Huyu wa mbali ndiye aliyeujaza moyo. Mama alimkumbuka alipobadilisha shuka za kitanda ambacho hakilaliwi. Alimkumbuka alipopika chakula cha mtu mmoja kikawa cha wawili, kwa sababu mkono ulikataa kujifunza kipimo kipya. Wakati mwingine, akiwa amekaa peke yake kitandani anavua soksi, hamu ya kumwona ilimpanda, akabaki ameshika soksi moja mkononi bila kujua aifanye nini.

Bosi alikuwa amemruhusu kuongeza boksi moja la mtoto kwenye mzigo wa kila wiki. Basi siku boksi la kubaki linapofunguliwa, binti naye kule huwa amepokea lake. Mama alipasha sahani yake, akaketi kwenye kiti cha plastiki kando ya friza, akaegemeza simu kwenye chupa ya siki, na mama na mwana wakala chakula kimoja, cha sufuria moja, kwa wakati mmoja, mmoja huku na mwingine kule.

"Umeanza, mama?" binti aliuliza.

"Nimeanza. Wewe?"

"Mimi nina viazi viwili vyote mdomoni."

Mama alimsikia akitafuna, na kutafuna kule kulimshibisha kuliko chakula chenyewe.

Kuna swali moja ambalo hakuwahi kuliuliza: utarudi lini? Alijua kwamba kuuliza ni kukaribisha jibu. Alijiambia kuwa maadamu mtoto anakula mchuzi wa huku kila wiki, ulimi wake bado uko nyumbani, na mwenye ulimi ataufuata siku moja. Kwa sababu hiyohiyo hakuwahi kwenda kumtembelea. Watu walimshangaa. Alisingizia miguu kuvimba kwenye basi, akasingizia kazi, lakini ukweli ni kwamba aliona akienda atakuwa amekubali kwamba kule ni kwake. Mtu haendi kumtembelea aliyetoka kidogo tu. Anamsubiri.

Wiki moja sauti ya binti ilikuja imechoka. Alisema ni mafua tu, lakini mama gani anayedanganywa kwa mafua? Siku ya kufunga mzigo, akampikia pembeni supu ya kuku yenye tangawizi, akaigandisha, akaja nayo mezani. Boksi la mtoto lilikuwa limeshajaa. Alipanga hivi, akapangua, akapanga vile, na kopo la supu likakataa kuingia. Mwisho akachomoa pakiti ya barafu ya juu, akaliweka kopo mahali pake.

Chumvi alikuwa amesimama mlangoni na mwiko wake. "Mama Barafu, leo umemvua mtoto blanketi."

"Nenda kaonje sufuria zako. Baridi yote hii, haitadhuru."

"Mimi nimesema tu."

"Umesema, nimesikia."

Angekuwa mwingine amefanya hivyo, angemfokea mpaka alie. Barafu ya juu ndiyo inayoshusha ubaridi kwa makopo yote. Ni yeye aliyekuwa akiwafundisha wengine jambo hilo. Lakini siku hiyo hakuwa mfungaji, alikuwa mama, na mama alitaka supu iende. Kitu kimoja hakukifanya: hakudanganya. Alilifunga boksi la kubaki vilevile, na kopo la supu, bila pakiti ya juu. Akayapiga yote mawili kofi, gari la vifurushi likaja, likaondoka. Kesho yake jua likawaka bila huruma, na keshokutwa likaongeza.

Siku ya kufungua ilipofika, alitangulia kupiga simu, kama kawaida yake, kisha ndiyo akaanza kukata selotepu. Hamu ya kuisikia ile sauti ilimzidi.

"Wewe mtoto, limefika?"

"Limefika tangu asubuhi, mama. Na mimi njaa imenishinda, sikukusubiri. Nishaanza kula." Kutafuna kukasikika. "Leo umepitiliza! Mtamu, mama, wa kulamba vidole. Na hiyo supu, Mungu akuweke."

Mama akacheka. Akainua mfuniko wa boksi, akalichukua kopo la mchuzi. Lilikuwa laini mkononi. Kifuniko chake kilikuwa kimetuna, na alipokifungua, harufu ikampiga usoni akarudi nyuma na kiti chake. Mchuzi ulikuwa umefanya povu. Akafungua supu. Hiyo ndiyo hata hakuinusa mara mbili.

"Mwanangu," alisema. "Unakula nini?"

"Mchuzi wako."

"Tema."

"Mama?"

"Nimesema tema! Umechacha, umeoza, hata paka hawezi..." Sauti ya kutafuna ilikuwa imekoma. Aliliangalia lile kopo, akaiangalia simu. Hakuna mtu mwenye pua angeweza kuutia mchuzi ule mdomoni akausifia. "Huli," alisema. "Hujaonja hata kijiko. Unatafuna nini hapo?"

"Mkate, mama."

"Na chakula kiko wapi?"

"Nampelekea bibi wa chumba cha jirani. Ni mzee, anaishi peke yake... Mama, nimempelekea asubuhi!"

"Kimbia!"

Simu ilidondoshwa mahali pagumu. Mama Barafu akasikia viatu vikikimbia, mlango, mlango mwingine ukigongwa kwa ngumi zote mbili. Hakuwa anamfahamu bibi huyo, hakuwahi hata kujua yupo, na sasa alikuwa amesimama ameshika ukingo wa meza, akimwomba Mungu mzee wa watu asiwe amekula. Chumvi alikuja mlangoni. Alitazama kopo, akanusa. Akamvutia kiti tu.

Baadaye simu ikaokotwa, na sauti nzito ya kizee ikazungumza.

"Wewe ndiye mpishi?"

"Mimi ni mfungaji, mama yangu. Tena ndimi mama wa huyo mtoto. Umekula?"

"Nile kile? Nimekimwaga! Tangu nifungue nikajua. Nikasema huyu mama leo hayuko sawa, si kawaida yake. Mwaka mzima nakula chakula chako, mkono wako naujua." Bibi akapumua. "Nilidhani umeumwa. Nilikuwa natafuta namna ya kumuuliza huyu binti bila kumtisha."

"Mwaka mzima?" mama aliuliza.

Upande wa pili pakawa na minong'ono, kisha binti akarudi kwenye simu. Alikuwa analia.

"Zamani nilikuwa nakula, mama. Naapa. Lakini kila nikila, siku mbili siwezi kazi. Kijiko cha kwanza tu, naona jiko letu, naona kitanda changu, nataka kufungasha nije. Nilipasua vioo vya watu kwa kulia. Nikaona nitaharibikiwa huku bure. Ndiyo nikaanza kumpelekea bibi, halafu nakaa na wewe kwenye simu. Sauti yako naiweza. Chakula chako kinanishinda."

"Na hukuniambia."

"Ulikuwa unafurahi sana."

Mama Barafu akaizima simu. Hakuaga.

Aliumia, tusifiche. Alikwenda mwenyewe kwa bosi, akamweleza aliyoyafanya na pakiti ya juu, na bosi, aliyejiandaa kufoka, alipoutazama uso wake akaishia kusema, "Haya, isirudiwe." Maboksi ya wateja yalikuwa salama yote, yaliyoharibika yalikuwa la mtoto wake na la kwake tu. Chumvi siku hiyo hakutania hata kidogo, na ukimya wake ulimuudhi kuliko maneno yake.

Siku zilizofuata alikuwa na hasira. Alijiona mjinga, ameketi kando ya friza wiki baada ya wiki akila kwa furaha na mtu anayetafuna mkate. Halafu hasira ikaisha, na chini yake akakuta kitu kibaya zaidi: mtoto alikuwa na hamu ya nyumbani kama yeye, pengine kumzidi, na bado alikuwa hajarudi. Kumbe hamu haitoshi kumrudisha mtu. Alikuwa ameshikilia boksi lile akidhani linamvuta mwanawe, kumbe lilimuumiza tu.

Wiki iliyofuata alifunga mzigo kama kawaida, barafu chini, ubavuni na juu. Boksi la mtoto akaliandika jina la bibi wa jirani. Siku ya kufungua alilifungua boksi la kubaki, chakula kikiwa kizima kabisa, akapasha, akaketi. Hakupiga simu. Chumvi alipita mara tatu akijifanya anatafuta kitunguu.

"Mchuzi unapoa," alisema safari ya tatu.

"Uache upoe."

"Mtoto kakosa nini hasa? Kakuhurumia. Tena kakuhurumia kijinga, hilo amerithi. Si umewahi kwenda kumwona?"

"Unajua sijawahi."

"Aa, nilidhani uliwahi ukanificha," alisema Chumvi, akaondoka na kitunguu chake.

Binti ndiye aliyepiga. Mama aliitazama simu ikiita, ikakatika, ikaita tena, ndipo akaipokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Bibi amepokea. Anashukuru. Anasema leo umepona." Hakuna aliyecheka. "Mimi hukunitumia."

"Nikutumie ukafanyie nini?"

"Ndiyo. Kweli."

Mama alizungusha kijiko kwenye sahani. Jikoni huko nyuma masufuria yalikuwa yakigongana, mtu akipiga kelele apewe trei. Akafumba macho.

"Mwanangu, nataka kukuuliza, na usinihurumie. Utarudi?"

Alisikia pumzi ya mtoto wake ikiingia, ikakaa, ikatoka.

"Kuja nitakuja, mama. Likizo nikipata nitakuja, nitakaa hata mwezi. Lakini kurudi..." Sauti ikakatika, akaikusanya. "Kurudi sirudi. Karakana wamenipa meza yangu mwenyewe. Huku nimeshapazoea. Nalia, lakini nimepazoea. Nimeshindwa kukwambia mwaka wa pili huu."

Ndilo jibu alilokuwa akilikimbia, na sasa lilikuwa limeketi naye mezani. Machozi yalimtoka, akayaacha. Alidhani akilisikia atakufa. Hakufa. Alibaki palepale kando ya friza, na hamu yake ileile, ila sasa haikuwa na kitanda cha kutandika.

"Umekasirika, mama?"

"Sijakasirika. Nimeumia. Nipe muda niumie."

"Sawa."

Kisha mama akapangusa uso kwa mkono wa sweta.

"Ulisema ukila chakula changu unatamani kurudi nyumbani."

"Ndiyo."

"Na nikija mimi huko? Nikakupikia kwenye jiko lako, nikapakua, nikaketi mbele yako nikikutazama. Ukila hapo, utatamani kurudi wapi?"

Binti alijaribu kujibu, na kilichotoka hakikuwa neno. Alilia kama alivyokuwa akilia alipokuwa mdogo, kwa sauti, bila kuona haya, na mama alimsubiri, kwa maana hilo alikuwa na uzoefu nalo.

"Haya, basi, inatosha, utamtisha yule bibi," alisema mwishowe. "Nielekeze. Mabasi ya huko yanaondokea wapi mimi najua. Nikifika, nashukia wapi?"

"Kituo cha mwisho, mama," binti alisema huku akivuta kamasi. "Cha mwisho kabisa. Usishuke kabla, hata wakikwambia umefika."